Koo la Mtani Wangu

Watu wa Mtwara hawanielewi, na siwalaumu. Bahari iko pale. Ukitoka kwangu Magomeni na kipande cha muhogo wa kuchoma mkononi, hujakimaliza umeshafika ufukweni. Halafu mtu mzima, mwalimu wa kemia, baba wa watoto wanne, anafunga hema nyuma ya pikipiki, anaipa bahari mgongo na kwenda bara kuvua kambale kwenye ziwa la maji baridi. Na akiwapata, nusu anawarudisha majini. Jirani yangu mmoja aliwahi kumuuliza mke wangu, kwa upole kabisa, kama kwetu Songea ugonjwa huu ni wa ukoo.

Mimi si mtu wa kujieleza, mimi ni mtu wa kufoka. Wanafunzi wangu wanalijua hilo, na mke wangu ameshalizoea. Lakini kule ziwani nilikuwa na rafiki. Rafiki huyo aliniambia kwamba anaumwa, akaniomba nimpeleke hospitali, na mimi nikacheka. Hilo ndilo ninaloliandika hapa. Nimejaribu kulisema kwa mdomo nikashindwa.

Tulikutana kwa sababu ya ujinga wangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupiga kambi kule. Ziwa lenyewe si kubwa, wala si lile la kijiji cha Ziwani kama wengi wanavyodhani nikiwaambia. Liko mbele zaidi, upande wa Mto Ruvuma, limezungukwa na matete, na mto ukifurika maji huingia humo na samaki wake. Nilitafuta mahali pa kusimamisha hema nikapaona mara moja: pana upana wa kutosha, nyasi zimelala vizuri, hakuna kisiki wala jiwe, panashuka taratibu hadi majini. Nikasema moyoni, watu wa huku wavivu, mahali pazuri namna hii wamepaacha tu. Nikapigilia vigingi, nikafungua kiti changu cha kukunja, nikatia chambo kwenye ndoano na kutupa mshipi.

Nyuma yangu akatokea mwanamume mrefu mwembamba, kofia ya kushona kichwani, ufito wa kuvulia begani. Hakunisalimu. Alilizunguka hema langu mara moja, akainama, akachungulia ndani, akauliza, "Hiki kibanda umemjengea kiboko yupi? Maana wako watatu."

Nilikuwa nimepiga hema katikati ya njia ya viboko. Zile nyasi walikuwa wamezilaza wao kwa matumbo yao, jioni baada ya jioni, wakitoka majini kwenda kula. Badala ya kumshukuru nikaanza kufoka: kwa nini hakuna kibao, kwa nini mgeni haambiwi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akaniuliza kabila langu. Nikamwambia mimi ni Mngoni. Akakaa chini, pale pale njiani, akacheka mpaka akavua kofia kujipepea.

"Nilijua," alisema. "Mimi Myao."

Basi ikawa imekwisha. Wangoni na Wayao ni watani. Babu zetu walipigana, wakatekana, wakachomeana vijiji, na walipochoka wakatuachia sisi wajukuu kazi ya kutukanana bila kukasirika. Mtani wako anaweza kuingia jikoni kwako akafunua chungu. Anaweza kukusema vibaya mbele ya wakwe zako na wakwe wakacheka. Sharti ni moja tu: anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Na mtani wako akifa, wewe ndiye unayekwenda kufanya mzaha msibani mpaka wafiwa wacheke, kwa sababu kazi hiyo ndugu hawaiwezi.

Alikuwa mkulima wa korosho na muhogo, kijiji chake mwendo wa nusu saa kutoka ziwani. Wenzake kijijini wakivua walivua kwa nyavu, wapate kitoweo au wauze, basi. Yeye alivua kama mimi, kwa raha zake. Msimu wa korosho ukishapita alikuwa anachukua ufito wake na kipande cha sabuni ya mche na kuja kukaa. Ndiyo, sabuni. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kambale anapenda sabuni ya kufulia kuliko nyungunyungu. Mimi na fimbo yangu ya kukunja niliyoipata mitumbani, soko la Chikongola, na kigurudumu chake cha mshipi kinacholia, nilikuwa nakaa saa tatu bila kuguswa. Yeye anakata sabuni ukubwa wa kucha, anasema bismillahi, kiboya kinazama.

"Samaki wa huku wanapenda usafi," aliniambia. "Ndiyo maana wanamkimbia Mngoni."

Tulikwenda hivyo miaka minane. Kila likizo ya shule, na mara nyingine Jumamosi na Jumapili tu, nilikuwa namkuta ameshakaa, moto umeshawashwa, birika limeshachemka. Aliniita mkimbizi, kwa kuwa babu zetu walitoka kusini wakikimbia vita. Mimi nilimwita mateka wangu. Akinisikia nakuja alikuwa anapaza sauti kuwaambia watu wafunge kuku. Nikimkuta amelala nilikuwa namfunga kidole cha mguu kwa mshipi. Tulikuwa watu wazima wenye mvi, nasema ukweli.

Katika miaka yote hiyo sikumbuki kama tuliwahi kuzungumza jambo zito kwa njia ya kawaida. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipigia simu. Watu wengine wote walisema pole, kazi ya Mungu haina makosa. Yeye aliniuliza, kwani Wangoni nao huwa wana mama, mimi nilidhani mnaokotwa. Nililia huku nacheka, na nilipomaliza kulia niliweza kula kwa mara ya kwanza tangu juzi yake. Hakuna aliyenifariji kama yeye. Ninalisema hili ili ajulikane, na ili utani wetu usionekane ulikuwa upuuzi tangu mwanzo.

Mara ya mwisho kupiga kambi pamoja ilikuwa baada ya Idi. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo, na mimi nikaona nisiipoteze nafasi. Nilipofika nilimkuta amekaa, lakini moto haukuwa umewashwa. Alikuwa amekonda. Suruali yake alikuwa ameifunga kiunoni kwa kamba. Nikamwambia Ramadhani ya mwaka huu imemla Myao ikabakiza kofia. Akacheka. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kidogo.

Mchana hakula. Nikajua yuko kwenye zile siku sita za Shawwal, maana kila mwaka alikuwa anazifunga, na mwaka mwingine aliwahi kuzifunga hapo hapo kambini huku mimi najilia mbele yake makusudi. Sikuuliza. Mkristo mwenye adabu hamuulizi Mwislamu kwa nini hali. Nilijivunia adabu yangu hiyo. Nilipomwona anapiga funda la maji alasiri, nikageuza uso, nikasema labda nimeona vibaya.

Jioni, jua lilipozama, nilitaka kumfanyia jambo. Nilikuwa nimepata kambale mzuri, mnene, wa kushika kwa mikono miwili. Nilimpasua, nikampaka chumvi na ndimu na pilipili, nikamchoma taratibu juu ya makaa mpaka mafuta yakaanza kulia. Nilimpa sehemu ya karibu na kichwa, aipendayo. Alichukua kipande kidogo sana. Akatafuna. Akatafuna tena. Mimi nilikuwa namwangalia, nangoja asifie.

"Mngoni," alisema, "koo langu limefunga mlango. Tangu mwezi wa kwanza. Nadhani nimemeza mmoja wa babu zako, amekwama na ngao yake."

"Mteme," nikamwambia. "Tulikuwa tunamtafuta."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Kisha akasema, "Mlongo, kweli lakini. Shemeji si yuko hospitalini? Nipeleke mjini hao watu wake wanichungulie."

Mke wangu ni muuguzi. Mlongo kwao na kwetu ni ndugu. Na katika miaka minane hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja. Nilikuwa mkimbizi, nilikuwa mwizi wa kuku, nilikuwa Mngoni. Siku ile nilikuwa ndugu. Masikio nilikuwa nayo mawili, mazima, na neno lilipita katikati yake.

"Hospitali ya mjini haipokei Wayao," nilimjibu. "Wauguzi wanaogopa kulogwa."

Sijui kama kuna sentensi nyingine niliyoisema maishani ambayo ningetoa chochote niirudishe. Niliisema vizuri pia, kwa mkato, nikaona imekaa. Naye akacheka kama ilivyo desturi, kwa kuwa asiyecheka ameshindwa.

"Haya," alisema. "Siku wakianza kupokea utaniambia."

Kisha aligeuka pembeni, akainama gizani, akatema kile kipande cha samaki. Nilimwona. Na hapo, Mungu anisamehe, niliwaka. Nilikuwa nimehangaika na yule samaki tangu alasiri, macho yamejaa moshi, na mtu anamtema. Nikamwambia, na sikuwa natania, "Kama mkono wa Mkristo unakutia kinyaa, sema tu. Usinitemee chakula."

Hatukuwahi kugusa dini kwa njia ile. Chakula changu alikuwa amekila miaka yote, nami chake. Aliniangalia kwa muda, mkono wake uko shingoni, kisha akatabasamu.

"Mngoni amekasirika," alisema taratibu. "Nimeshinda."

Alikwenda kunawa. Aliporudi aliongea habari za mikorosho kupata ukungu, nami nikamjibu, na tukalala.

Asubuhi ndoano yake ilinasa kambale mkubwa kuliko wangu. Alimvuta mpaka karibu na ukingo, halafu akakaa chini, akanipa ufito. "Mmalizie," alisema, "mimi nimechoka kumwonea." Nikamwambia uzee umeingia. Yule samaki alinipa nimpelekee shemeji, na akanisindikiza mpaka barabarani, ameshika keria ya pikipiki yangu kwa mkono mmoja. Nilidhani ananisaidia kusukuma. Sasa naona kwamba alikuwa anajishikiza.

Nilipopiga kiki alisema, "Usisahau kuwauliza."

"Nitawauliza kama wana wodi ya wachawi," nikasema, nikaondoka.

Mke wangu alimpokea yule kambale kwa furaha. Aliniuliza, mtani wako mzima? Nikamwambia mzima, mbishi tu, siku hizi anachagua chakula. Akasema msalimie. Mazungumzo yetu juu yake yaliishia hapo, mimi na muuguzi, jikoni kwetu, na samaki mezani.

Mvua ikarudi, na safari hii ilirudi kwa hasira. Barabara ya kule ina bonde moja. Likijaa, gari halipiti na pikipiki hupita kwa taabu. Kila mtu wa Mtwara vijijini anajua habari hizo. Mimi nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, marundo mezani, na kila siku nilikuwa na sababu nzuri. Tukawa tunaongea kwa simu. Sauti yake ilizidi kukwaruza, kama ya mtu aliyeshangilia mpira. Nikamwambia hivyo. Akasema ndiyo, tumewafunga Wangoni saba bila.

Simu moja naikumbuka yote. Ilikuwa mchana, nilikuwa nimetoka darasani, nimejibanza ukutani nisilowe. Aliniuliza, "Lini unakuja kunichukua unipeleke kwa madaktari wako?"

"Barabara ikikauka," nikasema. "Nakuja na machela na Wangoni wanne wa kubeba. Tukifika mjini tunakuuza."

"Wanne wachache," alisema. "Mimi mzito."

Nyuma yake nikamsikia mkewe akicheka. Alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, na mimi nikafurahi kwamba utani wangu umefika mpaka kwake. Nilirudi darasani nikiwa na moyo mweupe. Niliwafundisha kidato cha tatu vizuri siku ile.

Kaka yake mkubwa ndiye aliyenipigia. Nilikuwa kwenye chumba cha walimu, saa nne asubuhi, wakati wa chai. Alisema, "Mtani wako ametutoka alfajiri. Tunazika baada ya alasiri. Uje ufanye kazi yako." Nilisema ndiyo, nitakuja. Nilimaliza chai yangu. Sijui kwa nini niliimaliza.

Mke wangu alikuwa nyumbani, zamu yake ilikuwa ya jioni. Nilimwambia, akashika mdomo, kisha, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akaanza kuuliza. Alikuwa anaumwa nini? Nikasema koo. Koo vipi? Chakula hakipiti. Akauliza, chakula kigumu tu au hata uji? Nikasema mwishoni nadhani alikuwa anakunywa uji tu, aliwahi kutania kwamba amerudi kuwa mtoto. Tangu lini? Tangu mwezi wa kwanza. Alikonda? Nikasema alikonda, alifunga suruali kwa kamba. Sauti ilibadilika? Kila alichouliza nilikuwa na jibu lake. Nilishangaa mwenyewe jinsi ninavyojua. Nilikuwa na ugonjwa wote kichwani, kituo kwa kituo, kama daktari.

Akaniuliza, "Hakuomba hospitali?"

"Aliomba."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nilimtania."

Mke wangu hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alikaa kwenye kochi, akavua kandambili moja, akaivaa tena. Baadaye alisema huenda hata tungemleta isingesaidia, ugonjwa wa namna hiyo ni mbaya, lakini angepata dawa ya maumivu, na mrija wa kumlisha, asife na njaa. Kisha akaniletea koti la mvua.

Watu hupenda kusema mzaha mzaha hutunga usaha. Najua. Nimeisahihisha methali hiyo kwenye madaftari ya watoto wangu. Haisaidii kitu kuijua.

Ile barabara niliyosema haipitiki, niliipita siku ile. Haikuwa imekauka, mvua ilikuwa inanyesha bado. Bondeni nilizima pikipiki nikaisukuma, maji yananifika kiunoni, nikaanguka, nikaiinua, nikaanguka tena. Wanaume wawili wa pale walinisaidia kuitoa upande wa pili. Nilitumia saa tatu na kidogo kufika. Saa tatu tu. Nilikuwa nahesabu njia nzima, nikijiambia, wiki iliyopita ingekuwa saa tatu, wiki ya juzi ingekuwa saa tatu.

Nilifika wameshamwosha na kumkafini. Uani watu wamejaa, wanaume kwenye mikeka chini ya turubai, wanawake ndani. Waliponiona wakaanza kunong'ona, Mngoni kaja, Mngoni kaja, na nyuso zao zikafunguka. Walikuwa wananisubiri. Huo ndio uzito wa utani: wafiwa wanakungoja wewe ili waweze kupumua. Kaka yake alinijia na kofia ya marehemu na ufito wake wa kuvulia, akaniwekea mikononi.

"Haya," alisema. "Asiondoke hivi hivi."

Niliivaa ile kofia. Ilikuwa inanibana. Nilitaka kumwambia kaka yake kwamba mimi sistahili, nitafutieni Mngoni mwingine, lakini Mngoni mwingine hakuwepo. Basi nikaanza. Nikatembea kama yeye, kifua mbele, ufito begani, nikalizunguka jeneza kama alivyolizunguka hema langu siku ya kwanza, nikainama, nikauliza, "Hiki kibanda wamemjengea nani?" Wakaanza kucheka. Nikawaambia Wayao hawana adabu: mgeni anatoka mjini na matope mpaka kiunoni, mwenyeji amelala, hata salamu hakuna. Nikajilaza mlangoni nikasema haendi popote, huyu ni mateka wangu, nimekuja na safari ndefu kumchukua. Wazee walikuwa wanajifuta machozi. Ndani wanawake walicheka, na kicheko chao kikageuka kilio, kama inavyotakiwa. Nilifanya vizuri. Watu wengi waliniambia baadaye kwamba hawajawahi kuona mtani aliyefanya vizuri vile.

Niliposema nimekuja kumchukua, sauti ilinikatika. Wakadhani ni sehemu ya mzaha, wakacheka zaidi.

Tukaenda makaburini. Mimi si wa dini yao, nilisimama nyuma wakati wa sala, lakini udongo nilitia kama wengine, na walinipisha nitie.

Tuliporudi, kaka yake aliniambia shemeji, mjane wa marehemu, anataka kunisemesha. Alikuwa ameshaingia eda, hivyo sikuingia chumbani. Nilisimama kwenye ukumbi mdogo wa ndani, kaka yake pembeni yangu, na mlangoni ilikuwa imetundikwa kanga. Alikuwa upande wa pili. Sikumwona, naye hakuniona. Nilimshukuru Mungu kwa ile kanga.

"Shemeji," alisema.

"Naam, shemeji. Pole sana."

"Tumeshapoa. Ahsante kwa kumchekesha." Sauti yake ilikuwa imechoka, lakini ilikuwa tulivu. "Alikuwa tayari, ujue. Begi lake hilo hapo mlangoni. Nililipanga mwenyewe siku ile ulipomwambia unakuja kumchukua. Kanzu mbili, shuka, na mswaki. Kila ikipita pikipiki alikuwa anasema, huyo Mngoni. Nikimwambia tumtafute mtu mwingine, anakataa. Anasema, nimeshamwambia mtani wangu, atakuja."

Begi lilikuwepo kweli, karibu na mguu wangu. Lilikuwa begi dogo la bluu, zipu imefungwa.

"Nataka kukuuliza jambo," alisema. "Aliporudi kutoka ziwani mara ile ya mwisho, aliniambia umesema hospitali haipokei Wayao. Alisema huku anacheka. Mimi sikujua kama ni kweli au ni mambo yenu. Nikawa silali na hilo neno. Nikasema labda ulikwenda ukawauliza, wakamkataa, na wewe ukaona haya kutuambia. Sasa ameshakwenda, niambie tu. Walimkataa?"

Mimi ni mwalimu. Nimewachapa watoto kwa kusema uongo, na ninaamini niliwachapa kwa haki. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba hakuna aliyemkataa, kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Kwamba mke wangu mwenyewe alikuwa hajui. Kwamba nilidhani tunacheza. Yote haya yalikuwa mdomoni, tayari. Kaka yake alikuwa ananiangalia, na nyuma ya kanga nilikuwa namsikia akivuta pumzi, anangoja.

"Hawakumkataa, shemeji," nikasema. "Walikubali. Kitanda kilikuwepo. Walikuwa wanamsubiri."

Kisha nikamsikia akilia, kidogo kidogo, kilio cha mtu aliyepata nafuu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Basi alikuwa anatakiwa. Mungu akulipe, shemeji, wewe ulihangaika. Kumbe ni barabara tu."

Matope ya barabara hiyo yalikuwa yameanza kukauka miguuni mwangu.

"Ndiyo, shemeji," nikamwambia. "Ni barabara tu."